Mvinyo wa Moto, Jumamosi ya Farasi

Henriette alianza kupika mvinyo mapema mno, na mwenyewe alijua ni mapema mno. Wageni wangekuja jioni. Lakini tangu asubuhi mikono ilikuwa haitulii. Alikuwa ameshafagia nyumba na kuifagia tena, amepanga vikombe na kuvipangua, amemfumua binti yake Grâce nywele ambazo bado zilikuwa nzuri na kumsuka upya. Mwisho akaona heri ashike sufuria.

Walikaa ghorofa ya nne huko mtaa wa Greyville, upande wa jengo unaotazama uwanja wa mbio za farasi. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, siku ya mbio kubwa, na barabara chini ilikuwa imeziba. Magari yalipiga honi. Wanawake wenye kofia pana kama masinia walitembea wameshika viatu mkononi, wanaume wa suti za rangi ya ndimu walinywea chupani huku wanacheka. Helikopta ilizunguka juu, ikaondoka, ikarudi. Kila iliporudi Henriette alinyanyua kichwa kama mtu aliyeitwa.

Kila majira ya baridi, yeye na marafiki wachache wa kanisani, Wakongomani na Wakenya, walikutana nyumba hadi nyumba kwa zamu. Aliyeleta habari ya mvinyo wa moto alikuwa Mildred, Mkenya anayefundisha chuo kikuu na kukaa mtaa wa Sydenham. Aliuzoea zamani alipokuwa anasoma Ujerumani. Wengine waliupenda, na kila nyumba ikawa na namna yake ya kuupika. Cathy, anayesuka nywele saluni moja na Henriette katikati ya mji, alitia tangawizi nyingi hadi watu wakakohoa. Wa Henriette ndio uliosifiwa. Miaka yote watu waliunywa wakakwangua hata maganda ya machungwa chini ya sufuria.

Ndiyo maana alichukia Mildred alipompigia simu wiki hiyo.

"Mama Grâce, mwaka huu si tunaweza kunywa chai tu? Hata baridi yenyewe si kali sana."

"Kwani mvinyo wangu una shida gani?"

"Hauna shida, dada. Nilikuwa nasema tu."

"Basi mtakunywa mvinyo," Henriette alisema, akaikata simu ghafla. Hakujua kama ni hasira au ni woga.

Woga ulikuwepo. Majira ya baridi yaliyopita, mume wake Pacifique alirudi nyumbani amelewa, akabandika karai la mafuta akitaka kukaanga viazi, akalala kwenye kochi. Henriette alikuwa amekwenda kumpamba bibi harusi. Jirani ndiye aliyevunja mlango. Pazia la jikoni liliungua lote, na Grâce, aliyekuwa amelala chumbani, alilazwa hospitali kwa sababu ya moshi, anakohoa usiku na mchana kama mzee. Henriette na Pacifique waliwaambia watu kwamba waya wa jiko ulikuwa mbovu. Tangu siku ile Pacifique hakugusa pombe tena. Hakuapa, hakutangaza. Aliacha tu, akawa mtu wa kimya, anarudi kutoka duka lake la kutengeneza simu, anakula, anakaa.

Zamu yao ilipokaribia, Henriette alimwambia, "Papa Grâce, nitawaambia mwaka huu hatuwezi."

"Utawaambia sababu gani?"

"Nitasema naumwa."

"Fanya tu," Pacifique alisema. "Mimi si mtoto. Watu wakunywe. Ukikataa, wataanza kuuliza."

Sasa sufuria ilikuwa jikoni. Kwanza aliyeyusha sukari kwa maji kidogo, akatia maganda ya machungwa, vijiti vya mdalasini, karafuu, iliki alizozipasua kwa kitako cha kikombe, na kungumanga aliyoikuna mpaka vidole vikanukia. Viungo vilipotoa harufu, akamimina mvinyo mwekundu juu yake na kupunguza moto. Mvinyo wa namna hii hautakiwi kuchemka. Unatakiwa utoe moshi tu, uso wake ucheze kidogo, basi. Ukichemka unakuwa mchungu na ladha yote inakwenda darini. Kwa hiyo mpishi lazima asimame hapo, na Henriette siku hiyo hakuweza kusimama popote.

Harufu ilijaa nyumba nzima. Iliingia kwenye mapazia, kwenye taulo, kwenye nywele za mtoto. Alifungua dirisha la jikoni, ikaingia kelele. Akalifunga, harufu ikazidi. Alichungulia sebuleni. Pacifique alikuwa ameinama mezani juu ya simu aliyoifungua, bisibisi ndogo mkononi. Alirudi jikoni. Akakoroga. Akachungulia tena.

"Unatafuta nini?" Pacifique aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kijiko."

"Kijiko uko nacho mkononi."

Henriette alikitazama kijiko. "Hiki ni cha kukorogea. Nataka cha kuonjea."

Pacifique aliweka bisibisi chini, taratibu, kama mtu anayejizuia asiirushe.

Baadaye Grâce alilalamika kwamba gauni lake jipya linambana kwapani. Henriette aliingia naye chumbani, akafumua mshono, akaushona upya kwa mkono. Haikuchukua muda mrefu. Alipotoka, ile simu aliyokuwa anaitengeneza Pacifique ilikuwa bado wazi mezani, na kiti kilikuwa kitupu. Alikwenda jikoni moja kwa moja. Moto ulikuwa umezimwa. Mvinyo ulikuwa umeshuka; ndani ya sufuria ulibaki mstari mwekundu ulioonyesha ulikofika mwanzo. Juu ya rafu, mahali pa thermos, palikuwa patupu.

"Grâce! Papa iko wapi?"

"Alitoka na thermos."

"Alisema anaenda wapi?"

"Alisema anakuja."

Henriette alimpigia. Simu ya Pacifique ikalia pale pale nyumbani, chini ya mto wa kochi.

Alikuwa bado ameishika wakati mlango ulipogongwa. Ni Mildred na mume wake Lawrence, mrefu, mpole, mfukoni ana karanga kama kawaida yake. Nyuma yao Cathy alikuwa anahema kwa sababu ya ngazi.

"Eish, hii barabara!" Cathy alisema. "Taxi ilituachia kule mbali kabisa, kwa zile taa, robot ya pili. Watu wamelewa, wanaimba katikati ya barabara. Mmoja ameniambia niko malkia." Akanusa hewa. "Mon Dieu, Henriette! Harufu naisikia tangu ngazini."

Henriette aliwasha moto tena, akawapakulia. Walishika vikombe kwa mikono miwili, wakapuliza, wakafumba macho. Nje jua lilikuwa linashuka na upepo wa baridi ulikuwa umeanza kugonga dirisha. Ilikuwa saa nzuri kabisa ya kunywa kitu cha moto, na wote walisema hivyo, na yeye hakusikia neno hata moja. Alikuwa anasikiliza ngazi. Kila hatua iliyopanda aliipima: hii nzito, hii ya viatu virefu, hii ya mtoto.

"Papa Grâce yuko wapi?" Lawrence aliuliza.

"Amefika dukani kidogo. Iko mteja anamsumbua."

"Siku ya leo? Maskini."

Mildred alimtazama Henriette, akatazama mezani pale simu ilipokuwa imelala wazi na bisibisi pembeni, akarudisha macho kwenye kikombe chake.

Henriette alikaa, akainuka. Akaongeza karanga kwenye sahani ambayo bado ilikuwa imejaa. Akaenda dirishani. Chini kulikuwa na kofia, kofia, kofia. Cathy alikuwa anasimulia habari ya mteja aliyedai kulipwa fidia ya rasta zilizokwenda mrama, na alipofika pale pa kuchekesha na wote wakacheka, Henriette alicheka nyuma yao, peke yake.

"Mildred," alisema, "naomba uniangalizie moto. Usichemke."

"Nenda," Mildred alisema. "Sisi tupo. Mtoto tunaye."

Alitoka na aproni yake kiunoni.

Alianza na duka la pombe la kona. Foleni ilikuwa imefika nje. Aliipita akiangalia nyuso, watu wakadhani anawaruka, wakamfokea. Pacifique hakuwepo. Alikwenda kwenye baa alikokuwa anakunywa mume wake zamani, akasimama mlangoni. Muziki ulimpiga kifuani. Mtu mmoja alimwonyesha kiti. Pacifique hakuwepo. Alishuka kando ya uzio wa uwanja, akisukumana na watu wanaotoka kwenye mbio. Vikombe vya plastiki vilikuwa vinapasuka chini ya miguu. Mbele yake aliona koti la kahawia, mabega yaleyale yaliyoinama. Akakimbia, akalishika mkono. Mwanaume aliyegeuka hakuwa yeye.

"Pole, kaka. Samahani."

Alitembea tena. Alijikuta anapanga maneno. Kwanza yalikuwa maneno makali, ya kumfukuza mtu nyumbani. Baadaye yakawa maneno ya kuwaambia wageni. Baadaye akaona anaomba tu, bila mpango, midomo inacheza, na watu wanampisha njia kwa sababu wanadhani na yeye amelewa.

Alimkuta kwenye benchi la kituo cha basi, barabara ya nyuma ambako kelele zilikuwa zimepungua. Pacifique alikuwa ameketi wima. Thermos ilikuwa katikati ya miguu yake. Mkononi alishika kifuniko chake, na kifuniko kilikuwa kimejaa mvinyo hadi ukingoni.

Henriette alisimama mbele yake.

"Umekunywa?"

"Hapana."

"Pacifique."

"Nimesema hapana." Alimnyooshea uso. "Njoo unuse. Si ndiyo kazi yako? Kila siku nikifika mlangoni unakuja kunibusu. Unafikiri sijui ni busu ya nini? Mwaka mzima, Henriette. Mwaka mzima uko unaninusa kama polisi na mbwa wake."

"Nilikuwa naogopa."

"Na mimi sikuwa naogopa?" Alirusha mkono, mvinyo ukamwagikia kwenye suruali. Hakujali. "Leo umetoka jikoni kuniangalia, umerudi, umetoka tena. Nikasema, huyu mwanamke ananingoja. Ananingoja nianguke ili moyo wake upumzike. Basi nikafikiri, wacha niende nimalize hii kazi. Nimemimina. Nimekuja hapa. Nimejaza hiki. Na nimekaa."

"Tangu wakati ule?"

"Tangu wakati ule. Mvinyo umeshapoa. Hauna hata harufu sasa."

Henriette alikaa kwenye benchi. Uso wa mume wake ulikuwa karibu, angeweza kuinama kidogo tu na kujua. Kila kitu ndani yake kilitaka kuinama. Akaangalia mbele, kwenye ukuta wa gereji iliyofungwa upande wa pili, akajilazimisha kuhesabu herufi za bango mpaka haja ile ikapungua. Haikuisha. Ilipungua tu.

"Sitanusa," alisema.

"Nusa. Sina shida."

"Nimesema sitanusa. Umesema hukukunywa. Yamekwisha."

Pacifique alimgeukia, akamwangalia kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta mtego. Halafu akamwaga kile kifuniko chini, kando ya benchi. Alijaribu kukifunga tena, kikateleza. Henriette akakichukua akakifunga yeye.

"Nitawaambia nini wale watu?" Pacifique aliuliza.

"Sema unachotaka. Mimi nimechoka kusema waya."

Walirudi kwa miguu, bega kwa bega, wakisukumwa na umati. Ngazini Pacifique alisimama kila ghorofa, na kila aliposimama Henriette alidhani atageuka. Hakugeuka.

Mlangoni Cathy aliwapokea kwa kelele. "Ah, mteja amekuachia! Papa Grâce, kuja ukunywe, tuko tunakungoja." Tayari alikuwa na kikombe mkononi, moshi unafuka, anakisukuma kwenye kifua cha Pacifique.

Pacifique alirudi nyuma hatua moja. "Mimi niliacha," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, akarudia. "Niliacha pombe. Ule moto wa jikoni, mwaka jana. Haukuwa waya. Ni mimi. Nililewa nikalala, na mtoto alikuwa ndani."

Grâce, aliyekuwa ameketi karibu na Lawrence anamenya karanga, alimwangalia baba yake, akaendelea kumenya.

Cathy alikiweka kikombe mezani. "Lakini sisi tunajua," alisema.

"Mnajua?" Henriette aliuliza.

"Henriette, jengo zima linajua. Yule jirani aliyevunja mlango, mke wake mimi ndiye ninamsuka. Na mume wako zamani alikuwa wa kwanza kumaliza sufuria. Mwaka mzima harusi, batizo, msiba, yuko na Fanta. Tulifikiri hamtaki tuseme. Tukanyamaza."

Henriette alimgeukia Mildred. Sasa ile simu ya wiki hiyo ilimrudia, neno kwa neno, na uso ukamwaka.

"Chai," alisema.

"Nilijaribu," Mildred alisema. "Ulinifokea, nikaogopa. Nilipaswa kusema wazi. Nilijifanya ni habari ya baridi."

Lawrence alisimama. Kikombe chake kilikuwa na mvinyo nusu. Alikiangalia, hakujua akifanye nini, akakirudisha kwenye sinia. "Mimi kaka yangu mkubwa," alianza. Akamshika Pacifique begani, akaubakiza mkono pale. "Kuna chai lakini?"

"Iko," Pacifique alisema. "Nitapika mimi."

Aliingia jikoni. Henriette alinyanyuka amfuate, akakaa. Akanyanyuka tena, na Mildred akamvuta chini kwa upindo wa aproni. Walimsikia akifungua kabati, akijaza maji, akimenya tangawizi. Kila sauti ilimfikia Henriette kama jambo kubwa. Sufuria ya mvinyo ilikuwa pale pale, upande wake wa kushoto, imejaa nusu. Alibana mikono katikati ya magoti. Cathy alianza hadithi nyingine, kwa sauti ya juu, na safari hii Henriette aliona wazi kwamba Cathy hakuwa na hadithi yoyote; alikuwa anasukuma maneno tu yajaze nyumba.

Pacifique alitoka na chai. Wote waliinywa, hata Cathy, ambaye alikunja uso na kusema haina sukari. Jioni haikuwa nzuri sana. Mazungumzo yalikatika, yakaanza tena. Lakini hakuna aliyeondoka mapema. Walipoaga, Mildred alichukua sufuria ya mvinyo bila kuomba ruhusa, akaifunika kwa karatasi ya aluminiamu, na Lawrence akaibeba ghorofa zote nne akidondosha matone mekundu nyuma yake.

Henriette na Pacifique waliwasindikiza hadi mlango mkubwa wa chini. Wakati wa kupanda, Pacifique alikaa kwenye ngazi ya ghorofa ya pili. Henriette akakaa naye. Sementi ilikuwa baridi kama barafu.

"Sijawahi kukuuliza," alisema. "Hamu ya pombe, ni wakati gani iko mbaya?"

Pacifique alifikiri. "Kufunga duka. Nikishusha lile pazia la chuma. Siku nzima watu wananiita, lete hii, tengeneza hii. Halafu pazia linashuka, na inakuwa kimya, na mwili unasema, haya, sasa twende. Kila siku unasema vile. Leo miguu ilinipeleka yenyewe."

"Basi unipigie. Ukishusha pazia, unipigie."

"Nikuambie nini?"

"Sijui. Chochote."

"Utakuwa unaniangalia kwa simu sasa."

"Hapana. Kwa simu siwezi kunusa."

Pacifique alicheka, kicheko kifupi kilichotoka puani. Juu yao sauti ya Grâce ikapiga kelele kwamba mlango umejifunga na yeye yuko nje na miguu mitupu, na wote wawili wakainuka kwa haraka.

Jumatatu jioni Henriette alikuwa saluni, amesimama nyuma ya mteja aliyesukwa nusu kichwa, simu ilipolia. Alikuwa ameitazama simu hiyo tangu mchana hadi Cathy akatishia kuificha. Aliibana kati ya sikio na bega.

"Ni mimi," Pacifique alisema. Nyuma yake alisikia mlio wa chuma ukishuka, na makondakta wa taxi wakiita abiria.

"Ndiyo."

"Sina cha kusema."

"Sema hivyo hivyo."

Henriette alimsikia anahema, anatembea. Vidole vyake viliendelea kusuka, vikikosea, vikifumua, vikirudia, na mteja akamuuliza kwenye kioo kama kuna tatizo, naye akatikisa kichwa.

"Leo iko mama mmoja ameleta simu," Pacifique alisema mwishoni. "Iliangukia kwenye maharage. Maharage yako ndani kwenye spika. Nimetoa moja moja na sindano."

"Imepona?"

"Inaongea. Lakini inanuka kitunguu."

"Endelea," Henriette alisema.

Naye akaendelea, mpaka alipofika kituo cha taxi.